Ya chini imeshuka, ya juu imegoma: mishipa inayokakamaa na moto wa chini chini kwa mtu mwenye presha

Kuna mzee mmoja anakuja kliniki yetu kutoka Hombolo, mkulima wa zabibu, ana miaka 68, na kila akifika lazima aisalimie foleni nzima "mbukwenyi" kabla hajatafuta pa kukaa. Siku moja nimempima presha, mashine ikaleta 172 kwa 70. Akaichungulia mwenyewe, akatabasamu, akaniambia, "Binti yangu, ya chini imeshuka, mwaka juzi ilikuwa 94, nimeshapona nusu." Nikafungua kadi yake na kweli mwaka juzi ilikuwa imeandikwa 164 kwa 94. Nikamwambia mzee wangu, hii ya leo ndo inanipa wasiwasi zaidi kuliko ile, furaha yake yote ikaisha pale pale, akauliza, sasa namba ikishuka nayo ni ugonjwa?

Swali zuri sana hilo, na siku ile nililijibu vibaya maana foleni ilikuwa ndefu, nikamwambia tu mishipa imekuwa migumu kidogo, akaitikia kwa heshima lakini nikaona kabisa hajanielewa. Na sio yeye peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kama robo ya watu wazima Tanzania wana presha ya juu, kwahiyo hapo ulipo una mama, una mjomba, una jirani ambaye anazo hizi namba mbili kwenye kadi na anazisoma anavyojua yeye. Ngoja nijaribu kuieleza taratibu, kwa namna ambayo ningemweleza yule mzee kama tungekuwa tumekaa kwake chini ya mti na hakuna mtu anayesubiri.

Anza na moyo. Kila unapopiga, moyo unasukuma damu kama mililita 70 hivi, yani kadiri ya kikombe kidogo cha kahawa ya kijiweni, unaisukumia kwenye mshipa mkubwa kabisa unaotoka moyoni unaoitwa aota. Ukiwa kijana aota inavutika, kwahiyo damu ikiingia kwa nguvu ukuta unatanuka na kuipokea, karibu nusu ya ile damu inabaki kwanza pale pale kwenye ule mtanuko, alafu moyo ukipumzika ukuta unarudi na kuisukuma ile iliyobaki iendelee na safari. Hiyo ndo sababu damu haikatiki katikati ya pigo moja na lingine. Namba ya juu ni nguvu iliyopo moyo unaposukuma, namba ya chini ni nguvu iliyopo moyo ukiwa umepumzika, na huyu wa chini kwa sehemu kubwa anashikiliwa na ule ukuta unaorudi, pamoja na vile vimishipa vidogo vya mbele ambavyo vikibana vinaizuia damu isitiririke haraka.

Sasa fikiria ukuta hautanuki tena. Damu inaingia inakuta kitu kigumu, hamna nafasi ya kuipokea, kwahiyo nguvu yote inaonekana pale pale na namba ya juu inaruka. Alafu moyo ukipumzika hakuna ukuta wa kurudi, hakuna akiba iliyowekwa, namba ya chini inaanguka. Ya juu imepanda, ya chini imeshuka, na vyote viwili vimesababishwa na kitu kimoja. Yule mzee alikuwa anashangilia akiba kuisha.

Yeye ni mtu wa shamba, na kwao watoto wanapewa manati kulinda mtama ndege wasimalize. Manati mpya, ule mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, ukiuvuta unakuja na ukiuachia unarudi wote. Uache juu ya paa la bati misimu miwili, jua la Dodoma mnalijua, ukija kuuvuta umekuwa mgumu, hauji, na ukilazimisha unaona vimipasuko vidogo vidogo kwenye ngozi yake. Kwenye ukuta wa mshipa kuna nyuzi za aina mbili za kuangalia, kuna elastini ambayo ndo huo mpira, na kuna kolajeni ambayo ni kama kamba ya katani, imara sana ila haivutiki. Elastini mwili unaitengeneza zaidi ukiwa tumboni mwa mama na utotoni, baada ya hapo unaishi na ile ile kwa miongo na miongo, na moyo unapiga kama mara 100,000 kwa siku. Nyuzi zinachoka na kukatika, na mwili kwenye kuziba pengo unaweka kolajeni, yani panapotoka mpira panawekwa kamba.

Ndo maana nawaambia watu wapige hesabu moja rahisi tu, chukua ya juu toa ya chini. Mtu mwenye 120 kwa 80 pengo lake ni 40. Mzee wetu mwaka juzi alikuwa na 164 kwa 94, pengo 70, tayari lilikuwa kubwa, na siku ile ya kutabasamu alikuwa na 172 kwa 70, pengo 102. Kwa mtu mzima pengo likizidi 60 madaktari wanalichukulia kama dalili kwamba mishipa mikubwa imeanza kukakamaa. Hapa hamna kifaa cha gharama kinachohitajika, ni kutoa tu, na kadi yako unayo mkononi.

Vifaa vya kupima ukakamavu wenyewe vipo, vinapima kasi. Moyo ukipiga unatuma wimbi kwenye ukuta wa mishipa, ile unayoisikia ukishika kifundo cha mkono, na hilo wimbi linakimbia mbele kuliko damu yenyewe. Wanaweka kipimo shingoni na kingine kwenye kinena, wanaangalia limechukua muda gani kufika. Kwenye mishipa laini ya kijana linaenda kama mita 6 kwa sekunde, ukipiga hesabu hiyo ni kama kilomita 22 kwa saa, baiskeli inayochanganya. Kwenye mishipa iliyokakamaa linavuka mita 10 kwa sekunde, kilomita 36 kwa saa, hapo tayari ni bodaboda, na hiyo 10 ndo wataalamu walikubaliana iwe mstari wa hatari. Kitu kigumu kinapitisha wimbi haraka, gonga reli na gonga godoro utaona.

Na kasi ina ubaya wake, maana wimbi likifika kwenye matawi ya mishipa sehemu yake inagonga na kurudi kuelekea moyoni. Kwa kijana linarudi taratibu, linafika moyo umeshamaliza kusukuma, na hapo linasaidia, linasukuma damu kwenye mishipa inayoulisha moyo wenyewe ambayo inajaa zaidi moyo ukiwa umepumzika. Kwa mwenye mishipa migumu linarudi mapema mno, linakutana na moyo ukiwa bado unasukuma, yani moyo unasukuma mlango na kuna mtu anausukuma kwa upande wa pili. Mwaka hadi mwaka nyama ya moyo inanenepa kwa ile kazi, na unene huo wa moyo sio wa kusherehekea, unaishia kuchoka.

Wanaoumia zaidi ni ubongo na figo. Hivi viungo viwili vinapokea damu nyingi muda wote na milango yake iko wazi, kwahiyo pigo ambalo lilipaswa kulainishwa na aota linafika mpaka kwenye vimishipa vyembamba kuliko unywele, pigo baada ya pigo. Kiharusi tunachokiona kinamkuta mtu asubuhi anaenda kuoga, figo zinazoanza kupitisha protini kwenye mkojo, mzee anayeanza kusahau majina ya wajukuu, mara nyingi historia yake ni hii.

Kabla sijaendelea, kuna mkanganyiko mmoja naukuta kila siku. Mtu akisikia mishipa anasema "imeziba mafuta." Kuziba ni kitu kimoja, kukakamaa ni kingine. Kuziba ni uchafu wa mafuta unaojikusanya sehemu sehemu upande wa ndani wa mshipa mpaka njia inakuwa nyembamba. Kukakamaa ni ukuta wenyewe kubadilika, na unaweza ukawa na mshipa mpana kabisa, damu inapita bila shida, ila ukuta ni mgumu kama bomba la chuma. Mara nyingi vinakuja pamoja na vinasaidiana kuharibu, ila mtu mwembamba, asiyekula nyama ya mafuta, aliyeishi kwa ugali wa uwele na mlenda maisha yake yote bado anaweza kuwa na mishipa migumu, na anashangaa kwa dhati kabisa presha imetoka wapi wakati yeye mafuta hali.

Haya, nini kinakakamaza mishipa? Umri tumesema, na presha yenyewe ikikaa juu miaka mingi inachosha ukuta. Sukari nayo inaunganisha zile nyuzi za kolajeni zikagandamana, sigara, chumvi, ugonjwa wa figo. Lakini kuna kitu cha katikati ambacho vingi kati ya hivi vinapitia, nacho kinaitwa inflamesheni, na hapa ndo watu wengi wanapotea, hata sisi watu wa afya tunapitia juu juu.

Inflamesheni unaijua hata kama hujawahi kulisikia jina. Ukichomwa mwiba mguuni, kesho pamevimba, pamekuwa pekundu, pana joto, panauma. Hapo mwili umetuma askari wake, zile seli nyeupe za damu, na kemikali za kuita wengine, waje waue vijidudu na kusafisha. Ni kitu kizuri, bila hicho mwiba mmoja ungekuua. Wiki ikiisha askari wanarudi, pamepona. Ile ya kwenye mishipa ni tofauti, haivimbi ukaona, haiumi, haina homa, ni kama makaa yaliyofunikwa na majivu, juu unaona jiko limezimika ila ukiweka mkono joto lipo. Na askari hawarudi kambini, wanakaa miaka.

Ndani kabisa ya mshipa kuna ngozi moja nyembamba sana, unene wa seli moja tu, inaitwa endothelia. Kazi yake mojawapo ni kutoa hewa inayoitwa naitriki oksaidi ambayo inauambia mshipa legea. Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, walipata tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kuonyesha kwamba hewa hiyo ni ujumbe ndani ya mwili, kwa hiyo sio jambo dogo. Inflamesheni ikiingia hapo ile hewa inapungua na nyingine inaharibiwa kabla haijafanya kazi, mshipa unabaki umebana. Wakati huo huo ile ngozi inakuwa kama inanata, seli nyeupe zinazopita zinashikwa na kuingia ndani ya ukuta, nyingine zinajikusanya upande wa nje wa mshipa kwenye mafuta yanayouzunguka, na kule zinatoa kemikali mbili tatu za maana. Kuna zinazokatakata elastini, kuna zinazoziamrisha seli za ukuta zitengeneze kolajeni zaidi, na baada ya miaka madini ya kalshiamu yanaanza kukaa kwenye ukuta kama ile koga nyeupe inayoganda ndani ya sufuria ya kuchemshia maji ya kisima cha huku kwetu.

Utauliza kipi kinaanza, presha au inflamesheni? Miaka mingi ilidhaniwa ni upande mmoja tu, presha inapanda, inaumiza ukuta, mwili unajibu kwa inflamesheni. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichukua panya waliozaliwa bila zile seli za kinga zinazoitwa seli T, wakawapa angiotensini, ambayo ni homoni inayopandisha presha, na presha haikupanda kama kwa panya wa kawaida. Walipowawekea seli T kutoka kwa wenzao, presha ikapanda. Kwahiyo askari wenyewe wana mkono wao kwenye kupandisha presha, sio mashahidi tu. Presha inauvuta ukuta, ukuta unaovutwa kupita kiasi unaita askari, askari wanaufanya ukuta mgumu, ukuta mgumu unapandisha namba ya juu, na mzunguko unaanza tena na kila raundi inaacha kolajeni kidogo.

Kwa binadamu kuna jaribio moja la Ugiriki la mwaka 2005 ambalo mimi lilinifungua macho. Walichukua watu wazima wenye afya, wakawachoma chanjo ya taifodi kwa ajili tu ya kuamsha inflamesheni ndogo mwilini, alafu wakapima ile kasi ya wimbi. Ndani ya saa chache kasi iliongezeka, mishipa ilikuwa migumu kuliko asubuhi yake. Naomba nieleweke hapa, chanjo haiharibu mishipa, ile ilikuwa ya muda mfupi, na taifodi yenyewe ukiipata inawasha moto mkubwa mara nyingi zaidi, kwahiyo chanjeni. Ninachotaka uone ni kwamba mshipa unaweza kukakamaa kwa sababu ya inflamesheni peke yake, bila kusubiri uzee. Na upande wa pili pia umeonekana, watu wenye ugonjwa wa baridi yabisi wa viungo, wale ambao kinga yao inashambulia maungio, mishipa yao ni migumu kuliko ya wenzao wa umri ule ule, na walipotibiwa kwa dawa kali za kuzuia kemikali za inflamesheni mishipa ililegea kwa kiasi fulani. Sio kila ukakamavu ni wa kudumu basi. Ule wa nyuzi zilizokatika haurudi, ila ule wa mshipa kubana na kukosa hewa yake unarudi, na hapo ndo pa kufanyia kazi.

Kipimo cha damu cha kuonyesha inflamesheni kipo, kinaitwa CRP, na kile cha kuangalia viwango vidogo sana kinatumika kukadiria hatari ya moyo, chini ya miligramu 1 kwa lita hatari ni ndogo, 1 mpaka 3 ni ya kati, juu ya 3 ni kubwa. Ila usikimbilie maabara. Ukiwa umetoka kuugua malaria wiki iliyopita, au una UTI, au jino limevimba, CRP itapanda tu na haitakuambia chochote kuhusu mishipa yako. Mimi kwa mtu mwenye hela kidogo ya vipimo ningemwambia aanze na mkojo kuangalia protini, sukari, na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi.

Sasa naomba hapa usome polepole kuliko kwingine kote.

Mtu akishasikia inflamesheni, wazo la kwanza ni dawa ya kuzuia inflamesheni, na huko dukani dawa hiyo inaitwa diklo. Diklofenaki, na ndugu zake kina ibuprofeni. Kuna mama mmoja anauza nyanya na vitunguu soko la Majengo, magoti yanamsumbua kwa kukaa kwenye kile kigoda toka alfajiri, alikuwa anatumia dawa tatu za presha na presha haishuki, tunamwongezea dozi haishuki, tunamuuliza unakunywa dawa anasema nakunywa, na alikuwa anasema kweli. Siku moja kafungua mkoba atoe hela ya nauli, nikaona vidonge vimefungwa kwenye kile kikaratasi cha kukunja. Nikamuuliza mama hizi za nini, akasema za magoti, moja asubuhi moja jioni, mwaka wa pili huu. Hakuna aliyewahi kumuuliza, na mimi nikiwemo, maana tulikuwa tunauliza dawa za presha tu.

Diklo inazuia kemikali za maumivu kwenye goti, sawa, ila kemikali hizo hizo kwenye figo zina kazi ya kusaidia kutoa chumvi na maji. Ukizizuia, chumvi inabaki, maji yanabaki, presha inapanda kwa wastani kama 5 hivi, kwa wengine zaidi, na ubaya zaidi zinaziwekea breki dawa za presha zenyewe, enalaprili, losatani, na zile za kukojoza. Mtu akitumia enalaprili au losatani pamoja na ya kukojoza, na diklo juu yake, figo zinaweza kufeli kwa siku chache, hasa akiharisha au asipokunywa maji ya kutosha na jua hili. Na kwa ule moto wa chini chini wa kwenye mishipa, diklo haijawahi kuonyeshwa kuwa inauzima, kilichoonekana ni kwamba inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo. Predinisoloni nayo, ambayo ni kali kabisa kwa inflamesheni, inapandisha presha na sukari. Hata panadoli, ambayo kwa maumivu ya mara moja moja ndo salama zaidi, utafiti wa Uskoti wa 2022 ulionyesha kwamba ukiinywa gramu 4 kila siku mfululizo wiki mbili kwa mtu mwenye presha, namba ya juu inapanda karibu 5. Yule mama tulimbadilishia, akapewa mazoezi ya magoti na dawa ya kupaka, akainua kigoda kikawa kirefu kidogo, na ndani ya mwezi mmoja presha ilishuka bila kuongeza dawa hata moja.

Dawa za kisasa za kulenga inflamesheni zimejaribiwa pia. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo na CRP yao iko juu, wakachomwa sindano ya kuzuia kemikali moja tu ya inflamesheni kila baada ya miezi 3. Mishtuko, viharusi na vifo vya moyo na mishipa vikijumlishwa pamoja vilipungua kama asilimia 15, kwahiyo ikathibitika kwamba huo moto kweli unadhuru. Ila waliokufa kwa maambukizi waliongezeka, maana umewapunguza askari, na presha yenyewe haikushuka. Hilo la mwisho nalipenda kwa sababu linatuzuia kurahisisha mambo, kuzima kemikali moja hakujatibu presha ya mtu. Na sindano ile ni ghali, tuiache huko huko.

Kinachofanya kazi ni dawa zile zile za kawaida ambazo watu wanazidharau kwa sababu ni za bei rahisi. Ukishusha presha unaupunguzia ukuta kuvutwa, na ukuta usiovutwa unaacha kuita askari. Losatani na enalaprili zina la ziada, zinazuia ile angiotensini ambayo yenyewe ni mmoja wa wachochezi wa moto. Statini, dawa za kushusha kolesteroli, zinashusha CRP pia. Na kwa watu wa aina ya mzee wetu, juu kubwa chini ndogo, kuna jaribio la Marekani la mwaka 1991, watu zaidi ya 4,700 wenye miaka 60 kwenda juu ambao ya juu ilikuwa 160 na kuendelea na ya chini haijafika 90, walioanzishiwa dawa ya kukojoza walipata viharusi pungufu kwa asilimia 36 kuliko wenzao. Kabla ya hapo wapo madaktari waliokuwa wanaona ya juu kupanda kwa mzee ni kawaida ya uzee na kumwacha. Sio kawaida ya kuachwa.

Chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, hicho ni kijiko kimoja kidogo cha chai kwa mtu mmoja, kwa siku nzima, vyakula vyote. Chumvi inakakamaza mishipa hata kabla presha haijapanda, na inazichochea zile seli za kinga. Huku kwetu nina ombi moja zaidi, magadi ya mlenda. Najua mlenda bila magadi hauivi unavyotaka na hauvutiki, ila magadi nayo ni sodiamu, kwahiyo ukishaweka magadi basi usiweke na chumvi kama vile hujaweka kitu, punguza vyote viwili. Maharage, mchicha, ndizi vina potasiamu ambayo inausaidia mshipa kulegea, isipokuwa kama umeambiwa figo zina shida, hapo uliza kwanza.

Kutembea kunasaidia kweli, kutembea kwa kasi mpaka jasho jembamba, dakika 30 siku tano kwa wiki, endothelia ikipitiwa na damu ya kasi ya mazoezi inatoa hewa yake zaidi. Kitambi ni kiwanda cha kemikali za inflamesheni, na sigara sihitaji kusema. Moshi wa kuni na mkaa ndani ya jiko lisilo na dirisha, akina mama zetu wanauvuta miaka 40, nao unawasha moto ule ule.

Na meno. Fizi zinazotoka damu kila ukipiga mswaki ni inflamesheni ya kila siku inayomwagikia kwenye damu, na utafiti wa Poland wa 2019 ulionyesha kwamba watu wenye presha waliotibiwa fizi kwa kina presha yao ilishuka zaidi kuliko waliosafishwa juu juu. Sijawahi kuona mtu ametumwa kwa daktari wa meno kutoka kliniki ya presha, na natamani tuanze.

Kitu cha mwisho cha kuangalia kwa wazee, kizunguzungu cha kusimama. Kwenye mishipa ya shingo na kwenye aota kuna vihisio vinavyoupa ubongo taarifa presha ikishuka ghafla, na vinafanya kazi kwa kuhisi ukuta unavyovutika. Ukuta ukiwa mgumu havihisi vizuri, mtu anasimama kutoka kitandani presha inaanguka na mwili unachelewa kuirekebisha, anadondoka, anavunja nyonga. Kwahiyo mzee apimwe amekaa dakika 5 bila kuongea, alafu apimwe tena akiwa amesimama, na kama anapewa dawa ziongezwe polepole, sio kwa haraka ya kuifukuzia namba.

Mzee wa Hombolo tulimweka kwenye dawa mbili, tukapanda taratibu. Baada ya miezi 5 alikuja na 146 kwa 68, alipopimwa amesimama akawa na 140 kwa 66 na hakuyumba. Nikamwambia ya chini haijapanda na sikutegemea ipande, tuangalie pengo. Akaomba peni yangu, akaandika mwenyewe pembeni ya kadi, 78, na juu yake akaandika 102 ya siku ile. Aliporudi kwenye benchi mzee mwenzake akamuuliza hiyo namba ya tatu ni ya nini, na nilipotoka kumwita mtu mwingine nikamkuta anaeleza kwa Kigogo, mkono mmoja ameunyoosha mbele umeshika panda ya hewani, mwingine anauvuta taratibu mpaka kwenye shavu.